Nilidokoa Pesa za Tajiri Wangu, Mwenzangu Akafukuzwa: Je, Hija Imenitakasa?

SWALI: Assalaam alaykum Sheikh. Ujanani niliajiriwa dukani, na kwa karibu miaka miwili nilikuwa nikidokoa pesa za mauzo. Upungufu ulipogundulika akashukiwa mwenzangu, nami nilipoulizwa nikasema funguo huwa anashika yeye. Akafukuzwa. Tajiri ameshafariki. Nimetubia, nimehiji, na sasa nataka kuzitoa pesa hizo msikitini yaishe. Je, inatosha?

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mlango wa toba uko wazi na umefanya vyema kuuliza, lakini toba yako haijatimia. Pesa hizo usizipeleke msikitini.

Imam An-Nawawi ametaja kwamba dhambi iliyo baina ya mja na Mola wake ina masharti matatu ya toba: kuiacha, kuijutia na kuazimia kutoirudia. Ikigusa haki ya mwanadamu linaongezeka la nne, kumrudishia mwenye haki haki yake. Hapo ndipo ulipokwama. Ni kweli, Hija isiyo na uchafu humrudisha mtu kama siku aliyozaliwa na mama yake. Lakini katika hadithi aliyoipokea Imam Muslim, hata aliyeuawa shahidi katika njia ya Allah husamehewa kila dhambi isipokuwa deni. Basi kama damu haikulifuta deni, tawafu na Arafa hazitalifuta.

Anza na hesabu. Kwa kuwa ulichukua kidogo kidogo, kiasi kamili hutakikumbuka, na hukalifishwi usiloliweza. Kadiria ulichukua mara ngapi kwa wiki, kiasi gani kila mara, kwa miezi mingapi, kisha zidisha. Ukisita baina ya viwango viwili, shika kile kikubwa.

Jumla utakayopata ni mali ya warithi wote wa marehemu. Wengi huteleza hapa: humkabidhi mtoto mkubwa au mjane, naye akazitumia peke yake, na haki za waliobaki zikaendelea kuning'inia shingoni mwa mlipaji. Kila mrithi apate fungu lake. Mjane, kwa mfano, fungu lake ni thumuni (1/8) ikiwa mumewe ameacha watoto. Kama mafungu huyajui, mpelekee kadhi au msimamizi wa mirathi anayeaminika. Mrithi mtu mzima akikusamehe, amesamehe fungu lake tu. Fungu la mtoto ambaye hajabaleghe hulipwa, kwani yeye hawezi kusamehe na walii wake hana ruhusa ya kumsamehea.

Sadaka huja pale tu mwenye mali na warithi wake wametafutwa wasipatikane. Ibn Mas'ud (RA), sahaba wa Mtume, alinunua mjakazi, muuzaji akapotea kabla hajalipwa. Alimtafuta mwaka mzima, kisha akawa anatoa thamani ile sadaka kwa niaba yake, huku akisema kwamba mwenyewe akija asikubali, thawabu zitakuwa zake Ibn Mas'ud na deni litakuwa juu yake. Wewe warithi unawajua.

Kujitangaza kwamba uliiba si sharti. Mungu amekusitiri, nawe jisitiri. Mpe mtu mwaminifu afikishe na aseme: hii ni haki ya marehemu iliyokuwa kwa mtu. Asiite zawadi. Apewaye zawadi huenda akarudisha fadhila, ukajikuta umekula tena, na pia hajui kuwa kilicholipwa ni deni.

La mwenzako ndilo zito zaidi, ingawa swali lako umelielekeza kwenye pesa. Aya ya 112 ya Suratun Nisaa imemtaja anayetenda kosa kisha akamsingizia asiye na hatia, kwamba amebeba dhulma na dhambi iliyo dhahiri. Maneno yako kuhusu funguo huenda yalikuwa kweli kwa herufi, lakini uliyasema ili yaeleweke vibaya, na yakaeleweka hivyo. Wapo wanavyuoni, akiwemo Ibn Taymiyya, waliosema kuwa mtu aliyesengenywa bila yeye kujua inatosha kumwombea dua na kumtaja kwa wema. Rai hiyo haikufai, kwa sababu madhara yalimfikia mwenyewe.

Kwa hiyo tuhuma ifutwe kwa wale wale walioisikia. Pesa zikienda, ziambatane na barua inayosema wazi kwamba fulani hakuhusika kabisa. Wakiiamini, sitara yako imebaki. Wasipoiamini mpaka wajue nani kaandika, hapo jina la mwenzako lina haki kuliko aibu yako, itabidi useme.

Kisha mtafute mwenyewe umwombe radhi kwa kosa lenyewe, si kwa neno la jumla la "nisamehe nilipokukosea", maana asichokijua hajakisamehe. Kipato alichokikosa kisuluhisheni wenyewe kwa maridhiano. Akikataa kusamehe, usimlaumu. Endelea kumwombea na kuzidisha mema, kwani Siku ya Kiyama dhuluma hulipwa kwa mema ya mtu.

Kama huna uwezo wa kulipa kwa mkupuo, lipa kwa awamu. Andika deni hili leo katika wasia wako, kiasi kilichobaki na wanaodai, kwa kuwa madeni hutolewa kabla ya theluthi ya wasia na kabla ya warithi kugawana. Ndani ya wasia huo andika pia jina la mwenzako, na kwamba hakuiba.

Wallahu aalam.