Fukwe za Karibi kwa Meli Ndogo: Uliza Upepo Kwanza

Mtu anayelipia safari ya meli ndogo ya anasa katika visiwa vya Karibi mara nyingi hudhani kwamba analipia chumba kipana, chakula kizuri na wahudumu wanaomwita kwa jina. Hayo yapo, lakini kwa maoni yangu thamani kubwa ya meli hizo ni kwamba hazihitaji maji marefu wala gati refu. Meli za SeaDream zinazochukua abiria 112 hivi, au meli ya matanga ya Royal Clipper inayochukua abiria 227, huweza kutia nanga mbele ya ufukwe ambao meli ya watu zaidi ya 5,000 haiwezi hata kuusogelea. Ndiyo maana hunishangaza kuona abiria waliolipa fedha nyingi kiasi hicho wakishuka na kupanda basi kwa saa nzima kufuata ufukwe waliousoma katika kitabu cha utalii, na kuuacha mtulivu zaidi uliokuwa mbele ya madirisha yao tangu asubuhi.

Ushauri wangu wa kwanza, na ndio ninaoutilia mkazo kuliko mwingine wote, ni kuuchagua ufukwe kwa upepo wala si kwa sifa. Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tumezoea kaskazi na kusi kupokezana zamu, lakini katika Karibi upepo hutoka upande wa mashariki karibu mwaka mzima, na kati ya Desemba na Februari huongezeka nguvu. Kwa hiyo fukwe za mashariki ya visiwa hupigwa na mawimbi ya Atlantiki, ilhali zile za magharibi hukingwa na vilima na maji yake hutulia. Bathsheba, mashariki ya Barbados, ni mahali pazuri mno pa kupiga picha, lakini mikondo yake ni hatari kwa muogeleaji, na wenyeji wenyewe hujilaza katika vidimbwi vilivyo katikati ya miamba badala ya kuingia baharini.

Kuna pia suala la mwani. Tangu mwaka 2011 mwani aina ya sargassum umekuwa ukielea kwa wingi katika Atlantiki na kutupwa kwenye fukwe za Karibi, hasa zile zinazoelekea mashariki, na hasa katika miezi ya joto. Ukioza hutoa harufu ya mayai viza inayoweza kumfukuza mtu kabla hajatandika taulo. Muulize mhudumu wa meli, au vizuri zaidi dereva wa teksi gatini, kuhusu hali ya leo, kwa sababu upande uliokuwa safi wiki iliyopita huenda leo haupitiki.

Jambo moja mzoefu wa Tanga, Unguja au Malindi anaweza kuliacha nyumbani ni hesabu ya kupwa na kujaa. Kwetu, wakati wa bamvua, bahari hukimbia ikaacha mchanga na matumbawe wazi, na anayetaka kuogelea hana budi kusubiri maji yarudi. Katika visiwa vingi vya Karibi tofauti ya maji kupwa na kujaa haifiki nusu mita, kwa hiyo ufukwe wa saa tatu asubuhi ndio ule ule wa saa tisa alasiri. Kinachobadilika ni jua na wingi wa watu.

Katika kisiwa cha Saint-Barthélemy, meli ndogo hutia nanga nje ya bandari ya Gustavia, mji ambao bado una jina la mfalme Gustav III wa Sweden kwa kuwa kisiwa hiki kilikuwa cha Wasweden tangu 1784 hadi 1878, kabla ya kurudi mikononi mwa Wafaransa. Mashua ya meli hukushusha katikati ya mji, na kutoka hapo ni mwendo wa miguu wa dakika kama kumi kufika Shell Beach. Nenda na viatu vya maji. Kinachoonekana kwa mbali kuwa mchanga ni kauri ndogo na vipande vya makombe vilivyorundikana, ambavyo huzama chini ya nyayo na kuchoma, na hatua chache tu baada ya kuingia majini ufukwe huteremka ghafla. Maji lakini ni maangavu kiasi kwamba unaona vivuli vya samaki juu ya makombe, na kwa kuwa ghuba hiyo inaelekea magharibi, saa za jioni ndizo zenye raha. Wanaopenda mchanga mwororo wachukue teksi hadi Gouverneur au Saline, wakijua kwamba Saline haina mkahawa wala kivuli ufukweni, na kwamba teksi za kisiwa hicho ni chache. Patana na dereva saa ya kukurudia kabla hajaondoka, wala usimwachie akuambie kwamba utapata nyingine. Niliwahi kuona wenzangu wa meli wakitembea kandokando ya barabara yenye miteremko mikali, taulo mabegani, wakiwahi mashua ya mwisho.

Jost Van Dyke, katika Visiwa vya Virgin vya Uingereza, ni kinyume chake kabisa. Hapa hakuna maduka ya kifahari, na katika ghuba ya White Bay hakuna hata gati. Baa maarufu ya Soggy Dollar ilipata jina lake kutokana na mabaharia walioogelea kutoka kwenye mashua zao na kulipa kwa noti zilizolowa. Kinywaji chao huchanganywa ramu, maji ya nanasi na machungwa, na tui la nazi, kisha juu yake hukunwa kungumanga. Mimi hukiomba bila ramu na sijaona kinachopungua. Nenda mapema. Kufikia adhuhuri mashua za kukodi hujaa na muziki hupanda, na anayetaka utulivu hutembea hadi mwisho wa ghuba, mbali na baa.

Virgin Gorda, kisiwa jirani, ina The Baths, hifadhi ya taifa yenye majabali makubwa ya matale yaliyolundikana ufukweni na kuacha mapango yenye maji. Unainama na kujibana, unashika kamba, unapanda ngazi za mbao huku maji yakifika magotini, halafu unatokeza Devil's Bay, ghuba ndogo yenye mchanga mweupe. Mwenye matatizo ya magoti anaweza kufika huko kwa njia ya juu bila kupita mapangoni. Jambo la kuangalia hapa ni mawimbi marefu yanayotoka kaskazini wakati wa miezi ya baridi, ambayo huweza kufika hata siku isiyo na upepo. Bendera nyekundu ikipandishwa, kuogelea na kushusha watu kwa mashua hapo hakuruhusiwi, na nahodha akibadilisha ratiba kwa sababu hiyo usimlaumu.

Kusini zaidi mambo huwa mepesi. Katika kisiwa cha Bequia kuna kijinjia kinachofuata ukingo wa maji kutoka Port Elizabeth kuelekea ufukwe wa Princess Margaret, na boti za teksi hukurudisha ukichoka. Nevis ina Pinney's, ufukwe mrefu ulio karibu na Charlestown. Grenada ina Grand Anse, kilomita tatu hivi za mchanga, unaoufikia kutoka St. George's kwa boti au kwa basi dogo namba 1, ambalo kwa muziki wake na kwa jinsi utingo anavyokupanga kitini litamfanya abiria wa daladala ajione yuko nyumbani. Visiwa vya Carriacou, Union na Mayreau viliharibiwa vibaya na kimbunga Beryl mnamo Julai 2024, kwa hiyo maelezo ya zamani kuhusu fukwe zake yasomwe kwa tahadhari, na fedha utakazotumia huko zina maana zaidi.

Kuhusu fedha hizo, visiwa kadhaa vya eneo hili hutumia dola ya Karibi ya Mashariki, ambayo tangu 1976 imefungwa kwa kiwango cha 2.70 kwa dola moja ya Marekani. Ukiambiwa kiti na mwamvuli ni dola 27, uliza ni dola zipi, maana huenda ni 10 tu za Marekani. Na kabla ya kuuliza bei, salimia. Wenyeji wa visiwa hivi, kama watu wa kwetu, huona ni utovu wa adabu mtu kuingia na swali bila salamu, na mara nyingi salamu hiyo hupunguza bei kuliko ubishi. Mjini vaa nguo juu ya vazi la kuogelea. Nguo za mabaka ya kijeshi ziache nyumbani, hata za watoto, kwa kuwa ni kosa la jinai kuzivaa Barbados, Saint Lucia, Grenada na kwingineko.

Kivuli nacho kina sheria zake. Mti uitwao manchineel, unaoota karibu na maji, huzaa vitunda vya kijani vinavyofanana na tufaha dogo, na utomvu wake huunguza ngozi. Hata matone ya mvua yanayopita majanini mwake yanatosha kukutoa malengelenge. Katika fukwe nyingi hupakwa alama nyekundu kwenye shina, lakini si kila mahali, kwa hiyo usikae chini ya mti usioujua. Mafuta ya kukinga jua yawe yale yasiyo na oksibenzoni, kemikali ambayo Visiwa vya Virgin vya Marekani vimeipiga marufuku tangu 2020 ili kulinda matumbawe.

Mwisho ni viza, na msafiri mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda aanzie hapa kabla ya kulipa hata malipo ya awali. Viza ya kawaida ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, haimruhusu mtu kuingia Saint-Barthélemy, Guadeloupe wala Martinique, kwa kuwa maeneo hayo, ingawa ni ya Ufaransa, hayamo katika eneo la Schengen. Safari inayoanzia na kuishia San Juan, Puerto Rico, nayo inahitaji viza ya Marekani. Andika majina ya bandari zote za ratiba, pamoja na bandari za akiba ambazo nahodha anaweza kuzitumia bahari ikichafuka, kisha itake kampuni ikujibu kwa maandishi kuhusu kila bandari kwa pasipoti yako wewe, wala si kwa pasipoti ya Ulaya wanayoifikiria wanapoandaa vipeperushi vyao.