Vipele vya mikononi: weka dodoki kando

Vipele vikavu vinavyojipanga nyuma ya mikono, kati ya bega na kiwiko, na mara nyingine mapajani, huwasumbua watu wengi kuliko wanavyokiri, maana mwenye navyo huvaa mikono mirefu hata jua la Kampala linapowaka. Mimi ninavyo tangu ujana, na mama yangu anavyo pia, kwa kuwa hali hii, ambayo madaktari huiita keratosisi pilarisi, mara nyingi hurithiwa. Haiambukizi wala haitokani na uchafu, ingawa majirani hawakosi la kusema.

Keratini, ile protini ngumu inayoikinga ngozi, hujikusanya kwenye kitundu cha kinyweleo na kukiziba. Ukikitazama kipele kimoja penye mwanga utaona kichwa kigumu cheupe, na pengine unywele mwembamba uliojikunja chini yake. Kusugua kwa dodoki hakumalizi tatizo hilo. Huichubua ngozi tu, na kwa sisi wenye ngozi nyeusi kila mchubuko unaweza kuacha doa linalokaa miezi. Kutumbua kwa kucha ni vibaya zaidi.

Madoa hayo ndiyo huwapeleka watu kwenye krimu za kung'arisha ngozi zinazouzwa madukani bila maelezo, na hapo ndipo ninapokuwa mkali. Baadhi yake zina steroidi kali, ambazo huifanya ngozi kuwa nyembamba na kuipa michirizi, na nyingine zina zebaki, inayodhuru figo.

Kilichonisaidia ni cha kawaida: kuoga maji ya vuguvugu kwa sabuni isiyo kali, kujifuta taratibu, kisha kupaka krimu ya yurea ya asilimia 10 ngozi ikiwa bado na unyevu. Yurea hulainisha ile keratini, na asidi ya laktiki hufanya kazi kama hiyo. Mwulize mfamasia, usipake palipochubuka, na uvumilie wiki kadhaa. Mafuta ya yao, yaani siagi ya shea, kutoka kaskazini mwa Uganda hutunza unyevu vizuri, hasa kiangazi cha Desemba hadi Februari, lakini peke yake hayazibui vitundu.

Ukiacha kupaka, vipele hurudi, ingawa kwa wengi hupungua kadiri umri unavyosonga. Vikianza kuuma, kutoa usaha au kuwasha sana, nenda kliniki ya ngozi, kwa sababu huenda ni ugonjwa mwingine.