Mkataba wa mdomo haufuti deni la mshahara

Pole sana ndugu. Umeuliza kama unaweza kudai mshahara wa miezi mitatu wakati hukuandikiana chochote na bosi, naye kila ukimfuata anakwambia usubiri biashara ichangamke. Unaweza. Katika nchi nyingi makubaliano ya mdomo nayo ni mkataba; kinachosumbua ni kuyathibitisha. Kwa hiyo leo hii, kabla hujagombana naye, kusanya ujumbe wa simu alizokutumia kukupangia kazi, miamala ya malipo ya zamani, picha za zamu, na majina ya wenzako walio tayari kusema walikuona kazini. Andika tarehe na saa ulizofanya, hata kwenye daftari la kawaida. Kisha mdai kwa maandishi, kwa upole, ukitaja kiasi, ili jibu lake libaki.

Hiyo hoja ya biashara mbaya inaniuma, maana faida ilipopatikana hakukugawia. Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unataka mshahara ulipwe kwa vipindi vinavyojulikana, na hata mwajiri akifilisika, wafanyakazi wahesabiwe miongoni mwa wadai wa kutangulizwa.

Akikaa kimya, nenda ofisi ya kazi au chama cha wafanyakazi. Usichelewe, madai haya huwa na muda wa mwisho. Na akikupa karatasi ya kusaini kwamba umelipwa chote, usisaini kabla hujahesabu fedha mkononi.