Mama Mkwe Hapokei Simu Yangu

*Shangazi, shikamoo. Nauza katika duka la vifaa vya ujenzi Kongowea. Ulimi wangu ulikuwa mkali hata wateja wakanikimbia. Nikaanza kutazama Columbo, yule mpelelezi wa koti kuukuu, nikapenda anavyosema na watu, nikamuiga. Dukani mambo yametengenea. Mke wangu lakini asema adabu ya kuigiza si adabu. Na juzi tulikwenda kwa mamake Mji wa Kale. Tumeshaaga, nikageuka mlangoni: "Kunradhi mama, jambo moja tu lanisumbua: haya mahamri uliyaumua lini?" Nilitaka kuonyesha nimeyapenda! Tangu siku hiyo hapokei simu yangu. Nimekosa wapi? – Mwigaji, Kongowea*

Marahaba, mwanangu.

Nimecheka, kisha nikamhurumia mama wa watu.

Kuiga si kosa. Mtoto wa miaka mitatu akitoa shikamoo ana heshima gani moyoni? Anaigiza tu, na asipoitoa hufinywa. Akipokea kitu kwa mkono wa kushoto hurudishwa apokee kwa wa kulia, mpaka mkono uzoee wenyewe. Wewe umechelewa kuanza, basi. Swali ni umechukua nini kwa huyo bwana na ungeacha nini.

Namjua. Peter Falk alimwigiza kuanzia 1968 hadi 2003, na katika visa vingi sisi watazamaji muuaji tunamjua tangu mwanzo. Mara nyingi ni tajiri au msomi, mwenye jumba lake na majivuno yake, na humdharau mpelelezi kwa lile koti na ile Peugeot 403 iliyochoka. (Wazee wataikumbuka zaidi ndugu yake, 404, iliyoshinda Safari Rally mwaka 1963.) Columbo hamrudishii dharau. Huomba radhi kwa kumsumbua, humwita bwana au bibi, humuuliza kazi yake inafanywaje, akasikiliza mpaka mwisho kama mtu asiyejua kitu. Hilo ndilo ulilolipeleka dukani na ndilo lililokufaa. Fundi akija kutafuta bomba ataka asikilizwe kwanza, bei baadaye. Lishike hilo.

Lakini utazame vizuri. Upole ule ni ndoana. Anayezungumza naye kwa heshima zote ndiye anayetaka kumpeleka jela, na kule kugeuka mlangoni kumepangwa: mtu ameshashusha pumzi, amedhani mgeni kaondoka, ndipo anapoulizwa lile swali lenyewe. Sasa wewe umelichukua swali la kumnasia muuaji ukampelekea mkweo! Alikuwa ameshawaambia nendeni salama. Ukarudi, tena kwa mahamri. Unadhani alisikia sifa? Alisikia kwamba yamelala. Mwanamke wa Mji wa Kale kuulizwa na mkwe wa kiume mahamri kayaumua lini, mlangoni, pengine na majirani wanapita. Mimi pia nisingepokea simu.

Hapo hata bila televisheni ungekuwa umekosea, maana mkwe kwetu hukaa kwa haya. Columbo huingia majumba ya watu hata wakimchoka, na kazi yake yampa ruhusa. Sisi hodi ni mara tatu, usipojibiwa unakwenda zako, na Sura ya An-Nur yasema mkiambiwa rudini, basi rudini. Ukishaaga umeaga. Swali lililobaki lingoje siku nyingine.

Simu acha kupiga. Mwache mkeo amuulize mamake kama mwaweza kuja Ijumaa, baada ya swala. Ukifika kaa unapoonyeshwa, kula unacholetewa, useme, "Mama, niwie radhi, nilisema vibaya. Mahamri yako nayapenda." Basi. Usimweleze habari za mpelelezi wa Marekani. Hatakuelewa, na atadhani sasa wamlinganisha na wauaji. Akikuongezea hamri jingine, lipokee. Ukitoka, toka.

Sasa mkeo. Barua yako yote nimeisoma tena nikitafuta mahali ulipoandika kwamba naye umembadilishia ulimi. Sikuona. Wateja wamepata upole wako, mama mkwe kapata ziada yake, na mwenye nyumba je? Ukimrudia jioni umechoka kumstahi kila fundi wa Kongowea, huenda anachokipata ni yale makombo ya ule ulimi wa zamani. Ndiyo sababu, nadhani, asema unaigiza. Anaona unavyobadilika ukifika kwa watu.

Huyo Columbo wako, nimpe haki yake, humtaja mkewe kila aendako, mke wangu hivi, mke wangu vile, na kwenye vipindi vyake sisi hatumwoni hata uso. Wako yupo hapo ndani. Basi kabla ya kumtuma kwa mamake, kaa naye usiku mmoja, televisheni imezimwa, umuulize siku yake ilikwendaje, na akianza kusema usimkatize. Akikwambia unaigiza, usijitetee. Kesho yake muulize tena.

– Shangazi