Kabla hujalipa elfu thelathini kwa plagi moja

Msimu wa kupulizia mikorosho salfa ukianza huku kwetu Kusini, mimi huwa na injini tatu za kuhudumia: gari langu la Toyota IST ninaloendesha kutoka Mtwara mjini kwenda shambani upande wa Masasi, pikipiki ya kijana anayenisaidia kazi, na mashine ya kupulizia mikorosho. Zote tatu nimewahi kuzifunga plagi (kile kifaa kinachorusha cheche ya kuwasha petroli) za madini ya iridiamu, zile za bei kubwa. Kwenye injini moja zimenilipa. Kwenye mbili nilipoteza pesa, na kwa sababu ambazo hakuna aliyenieleza dukani.

Muuzaji wa kwanza aliniambia gari "litakuwa jepesi". Na kweli, siku ile nilitoka Magomeni ya hapa Mtwara mpaka Mikindani nikiona kama nimebadilishiwa injini. Sasa najua kilichotokea. Plagi nilizotoa zilikuwa zimekwisha kabisa, na hata ningefunga mpya za kawaida za elfu kumi kumi, wepesi ungekuwa uleule. Kwenye injini isiyo na tatizo, plagi ghali haiongezi nguvu unayoweza kuihisi. Ikisharusha cheche kwa wakati na petroli ikawaka, kazi yake imekwisha. Anayekuuzia plagi kwa ahadi ya mwendo anakuuzia kitu ambacho hakimo ndani ya kasha.

Unacholipia ni ncha. Plagi ya kawaida ina ncha ya kati ya nikeli, nene kama milimita 2.5. Ya iridiamu ni nyembamba, milimita 0.4 mpaka 0.7 kutegemea aina, kwa hiyo cheche inaruka bila koili, kifaa kinachoipa plagi umeme, kusukuma umeme mwingi. Nikeli ikichongwa nyembamba hivyo italiwa mapema, lakini iridiamu huyeyuka kwenye joto la zaidi ya nyuzi 2,400, wakati nikeli huyeyuka kwenye 1,455. Sasa piga hesabu: injini ya IST ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila plagi inarusha cheche 1,500 ndani ya dakika hiyo. Kwa saa tatu za kwenda Masasi ni cheche 270,000, na kila moja inamega chembe ya chuma. Nafasi kati ya ncha na mguu, yaani kile chuma kilichopinda kinachopokea cheche, inapanuka, koili inalazimika kusukuma umeme zaidi, na siku moja koili inakufa. Wengi wanaolalamika kwamba koili za IST ni mbovu, ukichomoa plagi zao unakuta nafasi inayopitisha ukucha.

Hesabu yangu ya pesa iko hivi. Masasi kwenda na kurudi ni kama kilomita 400, na mimi huenda karibu kila wiki. Ukijumlisha mizunguko ya mjini, nafikisha kilomita 25,000 kwa mwaka. Plagi za kawaida nilikuwa nabadilisha kila mwaka: shilingi 40,000 za plagi nne na 10,000 za fundi. Miaka minne ni 200,000. Seti ya iridiamu ya maisha marefu, inayotengenezwa kufika kilomita 100,000, nilinunua kwa 120,000, fundi 10,000 zilezile. Nimebakiwa na 70,000, na seti hiyo haikunisimamisha njiani.

Lakini jirani yangu hapa Chuno gari lake halijui barabara nyingine zaidi ya kazini, sokoni na msikitini. Kwa mwaka hafikishi kilomita 6,000. Yeye nilimwambia wazi: shemeji, kwako iridiamu itamaliza miaka kumi na sita, na gari utakuwa umeshaliuza. Funga za kawaida orijino, pesa inayobaki weka kwenye matairi.

Pia si kila plagi iliyoandikwa iridiamu inafika mbali. Hili limewaumiza wengi. Kuna zenye iridiamu kwenye ncha ya kati tu, huku mguu unaopokea cheche ukiwa nikeli tupu. Hizo zimetengenezwa kwa wanaotaka cheche nzuri, na mguu huliwa muda mrefu kabla ya kilomita 100,000. Za maisha marefu zina kipande kidogo cha platinamu kilichochomelewa kwenye mguu, unakiona ukiigeuza plagi kwenye mwanga. Kama hakipo, usilipe bei ya maisha marefu.

Halafu kuna feki. Seti yangu ya pili niliagizia kwa mtu aliyekuwa anapanda basi kutoka Dar, kwenye duka moja ambalo sitalitaja. Kasha lilikuwa zuri, maandishi ya Kijapani, kila kitu. Kilomita 9,000 baadaye, nimeshapita Mtama naelekea Nyangao, gari likaanza kumisi, yaani kukatakata nguvu, kila nikikanyaga mafuta kupanda mlima. Taa ya cheki injini ikawa inawaka na kuzima. Nilikuwa na mama yangu mzazi nampeleka hospitali Ndanda, na kile kibarabara cha pembeni tulipoegesha sitakisahau. Fundi aliyekuja na pikipiki akachomoa plagi zote nne, akapitisha fila, kibati chembamba cha kupimia nafasi: nafasi iliyopaswa kuwa milimita 1.1 ilikuwa 1.4 kwenye mbili, na nyingine mbili kila moja na yake. "Mzee, hii ni nikeli iliyochongwa," akaniambia. Akanifungia za kawaida alizokuwa nazo mfukoni na tukafika.

Tangu siku ile silipi kabla ya kukagua. Maandishi kwenye kauri, ile sehemu nyeupe ya plagi, yasifutike kwa kidole kilicholowa. Washa, ile pete ya chuma kwenye uzi wa plagi, ya orijino haichomoki kwa kuizungusha na vidole, ya feki mara nyingi inadondoka. Nafasi za plagi zote nne za seti moja ziwe sawa. Na kama namba ya plagi ina herufi R, ndani yake kuna kizuizi cha umeme: weka waya mmoja wa mita ya umeme juu ya plagi na mwingine kwenye ncha ya kati, isome takribani kiloomu 5. Zile zangu feki zilisoma sifuri. Muuzaji anayekataa usipime, mshukuru uondoke.

Namba ya plagi nayo isibadilishwe kwa sababu "zinafanana". IST yenye injini ya 1NZ ilitoka kiwandani na plagi za nikeli, kwa hiyo hapo una hiari. Lakini injini za Toyota za karibuni kama 2ZR zimesukwa kwa plagi za iridiamu, na hapo mjadala wa bei haupo: ukishusha kwenda za kawaida unajitafutia kazi. Angalia pia namba ya joto, inayoonyesha plagi inavyopoteza joto: ya baridi hulipoteza haraka. Kwa plagi za kampuni za NGK na Denso, namba ikipanda plagi ni ya baridi zaidi. Kwa Bosch ni kinyume chake.

Nije kwenye mashine ya salfa, maana wakulima wenzangu wengi ndiko wanakotaka kujaribu. Tunaingia shambani alfajiri, umande bado upo na upepo umelala, ili salfa ishike majani na kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Mashine ikigoma saa kumi na moja, asubuhi yote imepotea. Kwa hofu hiyo niliifunga iridiamu. Ikadumu siku nne. Mashine hizi ni za mipigo miwili, zinachoma oili pamoja na petroli, na oili ikizidi, masizi yanajaa kati ya ncha na mguu mpaka cheche inakosa pa kuruka. Masizi hayachagui madini. Mbaya zaidi, ile ya nikeli unaisugua kwa brashi ya waya na kuirudisha, lakini ncha ya iridiamu ukiisugua hivyo unaivunja. Dawa yangu ilikuwa kikombe cha kupimia: kijana alikuwa anakisia oili kwa jicho. Mashine yangu inataka oili 1 kwa petroli 25, yaani mililita 40 kwa lita. Toka tuanze kupima, plagi ya kawaida inamaliza msimu, na mbili za akiba zinakaa kwenye mfuko wa chakula.

Pikipiki ni vilevile. Plagi moja, iko wazi pembeni, dakika tano umebadilisha. Weka ya kawaida.

Kwenye gari, soma zilizotoka kabla ya kununua mpya. Rangi ya kahawia hafifu au kijivu ni afya. Nyeusi kavu, petroli inazidi. Ikiwa na oili kwenye ncha, injini inakula oili, na ikiwa oili iko juu, kwenye shimo la plagi, angalia sili za tapeti kava, ule mfuniko wa juu wa injini. Maliza hilo kwanza. Kisha hakikisha injini imepoa, plagi mpya ianze kwa mkono mpaka ikae, ndipo spana iongeze nusu mzunguko au zaidi kidogo. Fundi akianza na spana, mzuie, uzi wa hedi, sehemu ya injini inapofungwa plagi, ni wa aluminiamu. Grisi isipakwe. Iliyoanguka sakafuni usiifunge, kauri inaweza kuwa na ufa usioonekana.

Seti niliyonayo sasa niliifunga odomita ikisoma 187,400, nikaandika namba hiyo kwenye kipande cha plasta chini ya boneti. Mwezi uliopita, kwenye 241,000, nilizichomoa zote nne pale nyumbani nikapitisha fila. Tatu bado ni 1.1, moja imefika 1.15. Nimezirudisha.