Nimefunga tairi kubwa, spidomita imeharibika?

SWALI: Habari za kazi fundi. Gari yangu ndogo ilikuja na tairi 185/65R15. Kwa mashimo ya huku kwetu Nkuhungu, Dodoma, nimefunga 205/65R15 inyanyuke kidogo. Zamani mshale ukiwa 50, GPS ya simu ilisoma 48. Sasa inasoma 50. Spidomita imekufa? Na nikihamia rimu 16 itakuwaje?

JIBU: Ni nzima kabisa, ndugu. Spidomita inahesabu mizunguko tu, ikiamini tairi bado ni lile la kiwandani. Piga hesabu: 185 (upana wa tairi kwa milimita) mara 0.65 (ubavu ni asilimia 65 ya upana) ni ubavu wa milimita 120.25. Zidisha kwa mbili, jumlisha rimu (inchi 15 mara milimita 25.4), unapata kimo cha milimita 621.5. Tairi lako jipya ni 647.5, limezidi asilimia 4.2. Mshale ukisoma 80, zamani ulitembea kama 77, sasa unatembea 80 kamili.

Zile 2 za zamani hazikuwa kosa. Kanuni za kimataifa haziruhusu spidomita isome chini ya mwendo halisi, kwa hiyo watengenezaji huiacha isome juu kidogo. Akiba hiyo umeshaila. Ukipita Kibaigwa kwenye kibao cha 50, mshale ukifika 52 tochi ya trafiki nayo itakusoma 52.

Kilomita za safari nazo zinapunjwa: Dodoma hadi Morogoro, kama kilomita 260, itaandika 250 hivi. Oili ya kilomita 5,000 imwage kwenye 4,800. Usikimbilie kurekebisha spidomita. Kashata (michongo ya tairi) zikiisha kutoka milimita 8 hadi 1.6, kimo kinashuka asilimia 2 chenyewe.

Rimu 16 peke yake haibadilishi kitu. 195/55R16 ina kimo cha 620.9, sawa na tairi la mwanzo. Ila ubavu unabaki milimita 107, na kwa mashimo hayo rimu itapinda. Sikushauri.

Kilicho muhimu zaidi: pakia watu nyuma, kata usukani mpaka mwisho kushoto na kulia, kisha kagua madigadi na shokapu. Ukiona mpira umeng'aa mahali, panasugua. Gari yenyewe imepanda milimita 13 tu.

Spea yako bila shaka bado ni 185. Kama gari inavuta kwa mbele na pancha ni ya mbele, hamishia mbele tairi la nyuma, spea ifunge nyuma. Ukiifunga mbele, difu (gia inayogawa nguvu kwa tairi mbili) itasaga njia nzima hata barabara ikiwa imenyooka.