Risasi ngapi zinatosha nyumbani? Maswali yenu ya mwezi huu

Habari zenu jamani. Mwezi uliopita niligusia tu kwamba hapa kwangu Texas naweka maboksi 12 ya risasi na sizidishi hapo, basi simu ikajaa meseji, wengine mnanicheka, wengine mnaniita muoga, na wengine kumbe mna maswali ya maana kabisa ila mlikuwa mnaona aibu kuuliza mbele za watu. Nimechagua haya.

Anko shikamoo. Nimepata uraia mwaka jana nikanunua bastola ya 9mm ya kulinda nyumba. Kazini wananiambia mwenye risasi chini ya 5,000 hajaanza. Ni kweli inabidi niwe na zote hizo? (Kijana wa Fort Worth)

Marahaba mwanangu. Kwanza hao wa kazini waulize mara ya mwisho walienda renji, yaani uwanja wa kulenga shabaha, lini. Mi nimesimama kaunta ya duka la bunduki miaka mitatu na nilichokiona ni kwamba yule anayebeba katoni nzima ya risasi 1,000 kila mshahara ukitoka, mara nyingi sio yule anayefyatua, anazipeleka nyumbani zinapangwa kabatini na yeye anapata usingizi basi.

We chukua kalamu. Unaenda renji mara ngapi kwa mwezi na ukienda unapiga ngapi? Mtu wa kawaida akipiga maboksi mawili, yaani risasi 100, mkono umeshachoka na kinachofuata ni kuchoma hela tu. Ukienda mara moja kwa mwezi hiyo ni 1,200 kwa mwaka mzima. Sasa weka ndani akiba ya miezi mitatu mpaka sita, ambayo ni 300 mpaka 600, alafu ongeza boksi moja au mawili ya zile zenye tundu kichwani, za kujilindia, ambazo huzichezei renji isipokuwa chache za kuhakikisha bastola yako inazimeza bila kukwama. Mwenye mashindano ni habari nyingine, huyo anaweza kumaliza 300 wikiendi moja na akinunua katoni nzima simlaumu.

Alafu risasi zina uzito, watu hawafikirii hilo. Risasi 1,000 za 9mm ni kama kilo 12 hivi, kwa hiyo 5,000 ni kilo 60, yaani mfuko wa saruji na kilo kumi juu yake, na we unakaa ghorofa ya tatu lifti hakuna. Na hela je? Hata ukizipata kwa senti 25 moja hizo ni dola 1,250 zimelala kabatini wakati Bongo fundi anakupigia kila siku kuulizia bati.

Kuhusu sheria, sheria ya shirikisho haijaweka kikomo cha risasi ngapi mtu aweke ndani, na hapa Texas hakuna pia. Ila ukihama usihame na mazoea. Illinois bila ile kadi yao ya FOID, ambayo ni kibali cha mwenye silaha, hata boksi moja huruhusiwi kuwa nalo, Massachusetts nao wanataka leseni, New York tangu Septemba 2023 wanakukagua kila unaponunua. Na soma mkataba wako wa nyumba, kuna wenye nyumba wameandika kabisa hawataki.

Anko, 2020 niliteseka, nilienda maduka saba sikupata hata boksi moja. Sasa hivi nanunua kila nikiona. Nakosea? (Baba Junior, Atlanta)

Hukosei kukumbuka, mi mwenyewe nilikuwa kaunta mwaka ule na sitasahau. Tunafungua saa nne, foleni imeanza saa kumi na mbili asubuhi, na mzigo wote uliokuja ni katoni tatu. Boksi la 9mm la risasi 50 ambalo kabla ya korona ulikuwa unalipata kwa dola 10 au 12, ilipofika mwisho wa 2020 na mwanzoni mwa 2021 watu walikuwa wanatoa 40, hadi 50, na wanasema asante. Watu wengi walidhani kuna njama. Hakukuwa na njama. FBI mwaka huo walifanya ukaguzi wa wanunuzi wa bunduki karibu milioni 40, haijawahi kutokea kabla ya hapo, na kila aliyenunua bunduki mpya alitaka na maboksi yake mawili matatu. Hapohapo Remington, kampuni ya bunduki na risasi, wakafilisika Julai 2020, kiwanda chao cha risasi kule Lonoke, Arkansas kikaja kununuliwa na kampuni ya Vista Outdoor. Na sisi tulioogopa tukamalizia kazi, kila mtu akichukua mara tatu ya anachohitaji lazima shelfu libaki tupu. Ilishatokea hivohivo 2013 baada ya mauaji ya shule ya Sandy Hook, watu waliogopa sheria mpya, risasi ndogo za .22 zilipotea madukani muda mrefu sana, na zile ndo risasi za kufundishia watoto kulenga makopo!

Kwa hiyo akiba weka, sikatai. Mi nafanya hivi: nikienda kupiga maboksi mawili narudi na matatu, mpaka nifike namba yangu, nikifika nasimama. Uhaba wa 2020 ulimkuta mwenye 600 akapunguza kupiga, akaenda renji kila baada ya miezi miwili, akafanya mazoezi ya kulenga bila risasi sebuleni, na maisha yakaendelea. Aliyeumia ni aliyekuwa na sifuri. Wewe unayenunua kila ukiona, hebu jibu swali moja bila kwenda kuangalia: una ngapi ndani sasa hivi? Kama hujui basi umeshavuka namba yako zamani.

Papa, mume wangu ameweka masanduku ya risasi chini ya kitanda tunacholalia, sijui hata ni ngapi. Tuna mtoto wa miaka 6. Naogopa nyumba ikiungua zitatuua wote. (Mama wa Louisville)

Mama, nakujibu moto kwanza alafu tunarudi kwenye mtoto kwa sababu mtoto ndo ananitisha mimi.

Risasi inakuwa na nguvu ikiwa imebanwa ndani ya chemba, pale inapokaa kwenye bunduki tayari kufyatuliwa, na mbele yake kuna mtutu. Ikiwa imekaa tu kwenye boksi la karatasi, moto ukiifikia baruti inawaka, na kwa kuwa hakuna kinachoibana, lile ganda la shaba ambalo ni jepesi ndo linapasuka na kuruka, kichwa chenyewe cha risasi ni kizito kinasogea kidogo tu. Inalia kama bisi kwenye sufuria, pap pap pap. SAAMI, ambao ni umoja wa watengenezaji wa silaha na risasi hapa Marekani, walishawahi kuchoma maelfu ya risasi na kurekodi video kwa ajili ya wazima moto, na vipande vilivyoruka havikupenya zile nguo zao kamili za kazi. Lakini nyie hamlali na nguo za zimamoto, kipande cha ganda kinaweza kukutoa jicho, kwa hiyo nyumba ikiwaka mnatoka, hakuna kurudi kuokoa kitu, na mnawaambia wazima moto ndani kuna risasi na ziko chumba gani.

Kinachoua kwenye moto ni bunduki iliyobaki na risasi kwenye chemba, ile ikipata joto inafyatuka kwelikweli na kule mtutu ulikoelekea ndo inakoenda. Na ubaya mwingine ni kuzifungia risasi kwenye chuma kizito kisichopumua, presha ikikosa pa kutokea hapo si bisi tena. Ile mikebe ya risasi ya jeshi yenye mpira kwenye mfuniko haina shida.

Sasa mtoto. Chini ya kitanda ndo mahali pa kwanza mtoto wa miaka sita anapojificha mkicheza kombolela. Mwambie baba watoto, na usimwambie kwa ugomvi, mwambie hivi: chochote kisichoingia kwenye kabati la kufuli hakikai nyumba hii. Bunduki kwenye sefu yake haina risasi, risasi kwenye kabati lingine na ufunguo mwingine. Kabati likijaa, kiasi kimefika. Mi hata yale maboksi yangu 12 yalitokana na hilo, shelfu la kabati langu linachukua 12 na la kumi na tatu halifungiki mlango, hiyo ndo sayansi yote mnayoniuliza kila siku.

Nimekuta maboksi ya zamani gereji, yana miaka kama kumi. Zimeexpaya? (Phoenix)

Hazina tarehe ya kuharibika kama maziwa. Risasi za kisasa zikikaa pakavu na pasipo na joto kali zinadumu miongo. Tatizo lako ni hiyo gereji, Phoenix kiangazi ndani ya gereji ni tanuri, joto la muda mrefu linachosha baruti, na kwa wenzetu wa Houston ni unyevu. Zimwage mezani uziangalie moja moja: yenye ukijani au kutu, yenye mbonyeo, ambayo kichwa kinacheza ukikishika, weka pembeni na usitupe kwenye takataka, piga simu polisi au renji waulizie wanazipokea vipi. Zilizobaki safi zimalizie renji, usiziweke kwenye bastola ya kujilindia. Na ukipiga ikasikika pufu badala ya paa, simama hapohapo, toa risasi zote uchungulie mtutu, kichwa kinaweza kuwa kimekwama katikati na ukipiga nyingine nyuma yake bunduki inakupasukia mkononi. Usizipake mafuta ya kuzuia kutu, yanapenya mpaka kwenye kiwashio na kuiua risasi. Mpya zako hamishia kabati la ndani ya nyumba kwenye AC, na vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu usivitupe, tumbukiza humo.

Niko chuo na viza ya F-1, Minnesota. Rumimeti wangu Mmarekani anaomba niweke maboksi yake mawili chumbani kwangu kwa sababu kwake kumejaa. Kuna noma? (Mwanafunzi)

Noma tena kubwa. Mwenye viza ya muda, iwe ya masomo, ya kazi au ya kutembea, kwa sheria ya shirikisho haruhusiwi kumiliki bunduki wala risasi, na katazo hilo linagusa hata risasi moja. Ipo mianya, mmojawapo ni wa mwenye leseni halali ya kuwinda ya jimbo, lakini we huwindi, we unatunziwa mzigo. Mrudishie leo. Wenye grini kadi hao wanaruhusiwa. Na aliyewahi kutiwa hatiani kwa kumpiga mke au mpenzi wake, hata kama ilikuwa kesi ndogo na hakufungwa siku moja, risasi asiguse hata akiwa raia.

Desemba naenda Nairobi, begi langu la mgongoni ndo hilohilo la renji. Nikilikung'uta inatosha? (Dallas)

Nunua begi lingine. Sitanii. Mwaka 2024 Wamarekani kadhaa waliokwenda kula raha Turks and Caicos walikamatwa uwanja wa ndege kwa risasi chache zilizosahaulika ndani ya mabegi, na sheria ya kule wakati huo ilikuwa inaanzia miaka 12 jela. Wakaponea kwenye vifungo vya nje na faini baada ya kukaa wiki na wiki mbali na watoto wao. Kenya cheti cha bunduki kinaandika mpaka idadi ya risasi unazoruhusiwa kununua na kuwa nazo kwa wakati mmoja, sasa wewe unaingia JKIA na moja isiyo na cheti chochote, imelala kwenye mshono wa mfuko wa pembeni, utaanzia wapi kueleza? Mi nilishaikuta moja kwenye kiatu.

Anko, kaka yangu ameachana na mkewe, anakaa peke yake, halali usingizi, hali chakula, akilewa anasema heri asingezaliwa. Ana bunduki mbili na risasi kama 3,000. Nilitaka kujua kwa mtu kama yeye namba sahihi ni ngapi. (Dada, Des Moines)

Dada yangu, sifuri. Na bunduki pia sifuri, kwa sasa.

Zaidi ya nusu ya watu wanaokufa kwa bunduki nchi hii wanajiua wenyewe, na wengi wanaamua ndani ya muda mfupi sana, dakika si siku, kwa hiyo kinachookoa ni kile kitu kutokuwepo karibu dakika ile inapofika. Nenda kwake wikiendi hii, usimpigie simu, nenda. Pika, kaeni mle, alafu muulize kwa maneno yenyewe: kaka, unawaza kujiua? Kumuuliza hakumpi wazo, kunaweza kumtua mzigo. Kisha mwambie unataka vile vitu vikae kwingine mpaka hali itulie, kwa ndugu au rafiki ambaye kisheria anaruhusiwa. Baadhi ya maduka ya bunduki na vituo vya polisi wanakubali kutunza kwa muda, ila piga simu kwanza, usitokee tu pale na bunduki. Asipotaka kuachia bunduki, omba risasi peke yake, zote, na zile za kwenye magazini na droo ya kitandani. Kilo thelathini na kitu, nenda na mtu wa kukusaidia kubeba. Namba ya 988, ile ya msaada kwa wanaowaza kujiua, unaweza kupiga hata wewe usiku wowote wakakuelekeza, na ukimwona ameshika silaha au anaaga watu piga 911.

Akikubali mwachie orodha ya kila kitu ulichochukua, na saini yako chini, ajue ni vyake bado.